Sinia Alilopewa Zuhura

Siku ile tulikuwepo mimi, mama mdogo Tatu, binti yake Zuhura, wadogo zangu Juma na Siti, Madam mwenye hoteli, na wageni wake sita waliokuja kuogelea na potwe, wale papa wakubwa wasiodhuru mtu. Nawataja wote kwa sababu hata leo, nikisikia tu harufu ya maziwa yaliyochacha, humwona kila mmoja pale aliposimama.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alipofariki kijijini kwetu Kanga, akimfuata baba, mama mdogo alituchukua sote watatu akatuleta Utende, alikokuwa mpishi wa hoteli. Akaniachisha shule darasa la sita nimsaidie kuosha masufuria. Sikulalamika. Mkubwa ni jalala, mama alikuwa akisema, kila taka hutupiwa yeye.

Madam alikuwa akitafuta msichana mmoja wa kumfundisha upishi na kumwajiri. Mama mdogo akaniambia nipambe sinia la jibini la wageni. Likipendeza, nafasi ni yangu. Nikamwahidi Juma kwamba yeye hataacha shule.

Jibini zilikuja kwa ndege ndani ya boksi la barafu. Dereva aliyezileta aliziita chizi, na Juma, ambaye kwake chizi ni mtu aliyepungukiwa akili, alicheka mpaka akakaa chini. Akamnong'oneza Siti kwamba leo Wazungu wanakula vichaa.

Sikuwahi kupamba sinia la Kizungu, ila kawa nilizijua. Mama alikuwa akizishona, zile za kufunikia chakula, akianzia katikati na kuuzungusha ukili, ule mkanda wa majani yaliyosukwa, hadi ukingoni. Nami nikafanya vivyo hivyo: kipande cha njano, kipande cheupe, vikifuatana kwa kuzunguka, na baina yake korosho za kukaanga, tende zilizopasuliwa na papai. Ukingoni nikatia maua ya asumini. Kipande kimoja tu kilinitia mashaka. Kilikuwa na ukungu wa kijani na buluu mpaka ndani, kikinuka kama dagaa walionyeshewa mvua. Nilimwonea huruma Madam, kuuziwa kitu kibovu namna ile. Nikachukua kisu nikakikwangua na kukichokoa, tundu kwa tundu, mpaka kikawa cheupe, na makombo nikampa Juma awatupie kuku. Muda wote huo Zuhura alikuwa uani, anasuka nywele.

Sinia lilipotua mezani, wageni walisimama kulipiga picha. Madam akaja mlangoni mwa jiko, akauliza nani amelipanga. Nilikuwa nimeshafuta mikono kwenye kanga, nimepiga hatua moja.

"Zuhura," mama mdogo akasema. "Mwanangu, huyu hapa."

Zuhura akatazama sakafu. Madam akampongeza, kisha akauliza, akicheka kidogo, nani aliyeichokoa ile jibini, maana ukungu ule ndio utamu wake.

"Huyo," mama mdogo akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Wa marehemu dada yangu. Hajasoma, Madam, umsamehe."

Siti, mwenye miaka mitano, akaanza kusema, "Mbona dada ndiye..." Mkono uliomziba mdomo ulikuwa wangu. Tulikuwa tunalala kwa mama mdogo.

Zuhura akapata nafasi. Mimi nilipika vitumbua asubuhi, nikaosha masufuria mchana, na Juma akamaliza shule. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba mama mdogo hakunichukia. Alikuwa mjane, mlango ulikuwa mmoja, wasichana wawili, akamsukuma wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini kuelewa hakukunipoza. Kunyimwa sinia ningekumeza. Lile "hajasoma", kutoka kwa aliyeniachisha shule, ndilo lililonikwama.

Mwaka jana alikwenda Hija, na kama ilivyo desturi, kabla ya kuondoka alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nikampa shikamoo, akaketi mkekani kwangu, akanywa chai.

"Mwanangu," akasema, "lolote nililokukosea, niwie radhi."

Nikangoja alitaje. Akashusha kikombe, akatazama mlango.

"Nimekuwia radhi, mama," nikasema, maana mtu hazuiwi safari ya Mungu kwa kinyongo chako.

Amerudi salama, kaniletea tasbihi na maji ya zamzam. Ulimi ulishasema, moyo bado. Kila Ijumaa nikimaliza kuswali najaribu tena, na radhi ile bado ananidai, wala hajui.