Mtani Mwenye Mafua

Kabla ya kuingia alipenga kamasi. Alisimama kwenye mlango wa ua wa nyumba ya babu, kule Ruaruke, akabana tundu moja la pua kwa kidole gumba, akapuliza, kisha akapangusa vidole kwenye nguzo. Kamasi likabaki pale, zito, la kijani kama mwani. Nililitazama likivutika polepole kuelekea chini. Mwanamke yule akavua ndala, akaingia chumba alichokaa bibi, na mkono uleule akampa.

Bibi alikuwa anakaa eda. Babu tulikuwa tumemzika, na mjane wake alikaa juu ya mkeka katika chumba cha ndani, bila wanja wala manukato, akiwapokea wanawake waliokuja kumpa pole. Kwetu pole ya mdomo haitoshi. Mgeni huutwaa mkono wa mfiwa akaubusu, na mfiwa naye akaubusu wa mgeni. Mimi mjukuu niliyetoka Dar es Salaam na begi la vitabu nilikaa kando yake, nikiitazama mikono ile ikija. Ilinuka dagaa, tui na matope ya mpunga. Mingi ilikuwa imetoka kufuta pua muda si mrefu. Bibi ana pumu. Kila alipoinama kubusu, kifua chake kililia kama mlango wenye bawaba kavu, na mimi nikahesabu midomo yake kuwa chombo ambamo kijiji kizima kinatema mate.

Huyu aliyepenga kamasi alikuwa mtani wetu. Mtani msibani hana mipaka: husema yasiyosemeka, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Alimkumbatia bibi, akavuta makamasi kwa nguvu, akamwambia, "Mume umemmaliza mwenyewe, sasa unalilia nini? Wali wetu?"

Bibi akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Mtani akapiga chafya, na matone yake niliyaona kwenye mwanga wa dirisha, yakimshukia bibi usoni kama manyunyu. Hakuna aliyejifuta ila mimi.

Nilimvuta shangazi, binti mkubwa wa bibi, nikamnong'oneza kwamba yule mama anaumwa na asimbusu mgonjwa wa pumu. Shangazi alinitazama kama niliyetia mchanga kwenye chungu. Mwenye homa hukaa kwake, alisema, lakini mafua ni mafua tu, yanaletwa na vumbi. Nani amewahi kuzikwa kwa mafua?

Hazikupita siku nyingi, bibi akawaka moto. Viungo vilimuuma hata kanga ikawa nzito mwilini. Walimletea dawa ya malaria kutoka duka la dawa, akainywa, na pumzi ikazidi kuwa fupi. Niliposema twende Kibiti, shangazi akasema mjane hatoki nje. Ikabidi aulizwe mwalimu wa madrasa. Naye akajibu kwamba ugonjwa ni dharura, na kumwacha mtu afe kwa sababu ya eda si dini.

Kibiti walimpima malaria, hakuwa nayo. Daktari, mgeni wa bara mwenye sauti ya taratibu, alituambia ni influenza. Si mafua ya kawaida, alisema. Virusi vyake hurushwa na kikohozi na chafya, na hukaa mikononi vikisubiri mkono upande kwenye mdomo, pua au jicho. Mtu huweza kuwaambukiza wenzake kabla hajajijua kuwa mgonjwa. Kijana hulala kitandani akainuka, lakini mzee mwenye pumu huweza kuingiwa na nimonia akafa. Shangazi alikuwa ameinama, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Walimwekea bibi oksijeni. Mimi nilimshikia kopo la makohozi. Yalitoka mazito, ya manjano yenye uzi wa damu, na harufu yake ilikuwa ya chuma na maziwa yaliyochacha. Ninampenda bibi kuliko mtu yeyote duniani, lakini nililishika kopo lile huku nimegeuza uso.

Alipona. Tuliporudi, eda ilikuwa bado ndefu, na wanawake walikuwa na pole mbili sasa, ya mume na ya maradhi. Daktari alikuwa amesema kifua kile hakitastahimili mara nyingine. Lakini mjukuu atawaambiaje wakubwa wake wasimshike bibi mkono? Shangazi naye hakuthubutu. Nikaenda kwa mtani.

Nilimkuta akimenya mihogo, anakohoa bado. Nikamwambia yote, na kwamba huenda ugonjwa ulitoka kwake. Kisu kikasimama katikati ya muhogo.

"Kumbe nilitaka kumuua kweli," alisema, "na mimi nilikuwa namtania."

Kesho yake alikuja na kigoda, akakaa nje ya mlango wa ua, kanga ameifunga puani na mdomoni. Mgeni wa kwanza alitokea Nyamisati, amepanda boda njia nzima, pua inatiririka.

"Wewe, pua inavuja kuliko mtumbwi wa shemeji yako," mtani alimwambia. "Pole yako itoe hapohapo. Mjane kafiwa na mume, hakufiwa na masikio."

Yule mama alicheka, kwa sababu kukasirika kungekuwa aibu yake. Akakaa uani, akapaza sauti, na bibi akamwitikia kutoka ndani. Wakaja wengine, na kila mmoja alipata tusi lake. Mkono haukuingia tena chumbani.

Jioni bibi akaita, "Mtani, mbona wewe huingii?"

"Nina kamasi. Na ukifa watanilisha wali, nami leo sina njaa."

Nikachukua maji ya moto na majivu, nikaenda kuisugua ile nguzo ya mlangoni. Kamasi lilikuwa limekauka, gumu kama gamba la samaki, na kipande chake kikanasa chini ya ukucha wangu. Nilikimbilia sabuni. Nyuma yangu bibi alikuwa anacheka, akikohoa, akicheka tena.