Laptopu Isiyo na Herufi

Uchovu wa Mama Chapa haukuwa wa kulala ukaisha. Ulikaa kwenye vifundo vya mikono, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekichapia chuo kizima, akiwa kwenye kibanda cha steshenari nje ya lango. Wahandisi, wauguzi, wahasibu, wote walimletea makaratasi yenye mwandiko wa kuku kuchakura, naye akayageuza tasnifu. Chuo chenyewe alikijua mpaka langoni tu.

Sasa binti yake alikuwa anaingia hapo kusomea sheria, na Mama Chapa aliapa jambo moja: mwanawe hatapanga foleni kibandani na makaratasi mkononi. Tena tangu utotoni alimfukuza pale, asije akairithi kazi ya vidole.

Alikwenda dukani peke yake baada ya kazi, akiburuza miguu. Muuza kompyuta akaanza hotuba yake: kumbukumbu, kasi, mfumo endeshi wa kulipia, mfumo endeshi wa bure.

"Wa bure nao mzuri, mama, ila si kila programu inakubali."

"Binti yangu ni wa kuandika tu, kijana. Nataka usiomzimikia katikati ya sura ya nne."

"Basi wa bure unamtosha."

Hayo mengine yalimpita. Kwake yeye laptopu ni vitufe. Alijaribu tatu, macho kwenye kioo kama kawaida yake, na ya tatu ilikuwa laini, haikumuumiza. Ndiyo iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote. Hakuuliza kwa nini, na muuzaji kwa ujanja wake hakusema.

Nyumbani binti aliifungua, akainama kuitazama vizuri.

"Mama, mbona vitufe havina herufi?"

Mama Chapa akavaa miwani. Kweli, vyeusi vitupu. Aliyeitumia kwanza alizifuta zote kwa kuandika. Rahisi ghali. Alijilaumu, maana alikuwa ameishi kwa vitufe na siku hiyo moja hakuvitazama. Na binti alichapa kwa vidole viwili, akizisaka herufi kama anayechambua mchele.

"Si neno," binti akasema kwa upole. "Nitaandika kwa mkono, uwe unanichapia wewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma. Na kukubali kulikuwa rahisi, kwa jinsi alivyochoka. Akaivuta laptopu, kisha akairudisha mbele ya binti.

"Lete vidole. Papasa, kuna vitufe viwili vyenye vinundu. Vidole vya shahada vikae hapo."

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza. Nilikosea."

Alimwelekeza jioni nzima, halafu akaegemea kiti, mikono mapajani, macho ameyafumba. Vitufe vikalia kimoja kimoja, kwa kusitasita. Miaka yote ile hakuwahi kuisikia sauti hiyo mikono yake ikiwa imepumzika.

"Hapo umesahau nafasi," akasema bila kufumbua macho, na binti akarudi nyuma akasahihisha.