Mtani Alipoingia Kati ya Marekani na China

Mjomba wangu aliishabikia China, rafiki yake Marekani, na hoja walikuwa nazo wote. Siku moja kwenye kahawa, hapa Usagara, walibishana mpaka wakasimama, kila mmoja akiogopa kukaa kwanza asije akaonekana mnyonge. Nikaona urafiki unavunjika. Akapita mama mmoja Msambaa, mtani wetu sisi Wadigo, ambaye kwa mila hakasirikiwi.

"Nyie Wadigo kwa ubishi! Huyo China, huyo Marekani, kawaalika lini harusini? Kaeni, mnatuzibia upepo!"

Wakacheka, wakakaa pamoja. Nilimstahi mno yule mama. Shule yangu ndogo, labda nakosea, ila nadhani mataifa makubwa nayo huingia vitani kwa kuona haya kukaa kwanza. Mtani wao sijamsikia.