Fundi Vitako na Nguzo ya Spika

Pale Buzuruga, karibu na stendi, ukimuulizia Mhoja fundi wa kuchomelea watu watakutazama tu. Sema Fundi Vitako, utapelekwa hadi mlangoni. Geti hatengenezi, kitanda hatengenezi. Kazi yake ni vitako vya miamvuli ya mama ntilie, vishikio vya fimbo za mapazia, miguu ya kusimamishia bendera, mikono ya kushikilia milingoti ya antena. "Kila kirefu kinataka wa kukishika," husema, na majirani humjibu, "Ndiyo maana ukaoa Mhaya mrefu!" Miaka ishirini na miwili hakuna kitu kilichoanguka kutoka kwenye kazi ya mikono yake, na sifa hiyo aliipenda kuliko ugali wa udaga, ule wa muhogo.

Basi Jumapili moja asubuhi alirudi kutoka msibani Kisesa, akapitiliza hadi karakana kabla hata ya chai. Mezani hapakuwa na kitu.

"Mama Antoni! Ule mkono wa chuma uko wapi?"

"Bagenda, katekista wa Mkolani, aliufuata Ijumaa," mkewe Felicitas alijibu kwa furaha. "Nilikuwa nimeshaupiga rangi mara mbili, baba, ukang'aa kama sufuria mpya."

"Na alama ya chaki?"

"Niliifuta kwanza, rangi ishike vizuri."

Mhoja akakaa chini, kwenye vyuma vyake. Fundi huanza kwa kushikiza: nukta mbili za moto, chuma kikae mkao, halafu ndipo anazungusha mshono mzima. Alhamisi alikuwa ameshikiza tu pete ya kukamatia nguzo kwenye ule mkono wa chuma, umeme ukakatika, ikaja simu ya msiba. Akachora msalaba wa chaki, kama kawaida yake, maana yake kazi bado. Ila maana hiyo hakuwahi kumwambia mkewe hata siku moja. Wanaume bwana! Unaishi na mtu, unakula naye, jambo la kuua watu unalifanya siri ya ufundi.

Na mkono ule ulikuwa wa kushikilia ukutani nguzo ya bomba, ndefu kuliko paa la kigango, kanisa dogo la Mkolani, yenye spika mbili kubwa juu.

Alimpigia Bagenda. Simu imezimwa, ibada imeanza. Akarukia bodaboda. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kupeperusha mifuko barabarani.

Alifika Mkolani mbio. Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Akina mama wenye watoto walikuwa wametandika mikeka kwenye kivuli cha ukuta, chini ya nguzo kabisa. Miguuni pa nguzo alikaa binti mmoja, Rose, na mtoto mchanga amelala pembeni yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo hapo angesema. Alifungua mdomo, na Bagenda akamwona kutoka mlangoni, akamjia akitabasamu. "Fundi! Hiyo kazi yako imewapendeza hata watu wa vigango vya jirani, wote watakuja kwako." Mdomo ukajifunga wenyewe. Nani atakuja tena Buzuruga akisikia nguzo ya kanisa imesimamishwa kwa nukta mbili na rangi? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini siku ya kuuonyesha mbele ya kanisa zima, jamani, ni ngumu.

Akafanya jambo la ajabu. Aliiendea ile nguzo, akaikumbatia kwa mikono miwili, akasimama hivyo. Watu walidhani ni uchovu tu.

Somo la kwanza likapita. La pili. Injili. Padri akaanza mahubiri. Kila upepo ulipovuma bomba lilitikisika kifuani pake, na juu kabisa, pale kwenye pete, alisikia kamlio kadogo. Huyu ambaye kanisani aliingia kwa harusi na misiba tu, siku hiyo aliomba mpaka akamaliza maneno. Aliomba upepo utulie. Nguvu ya kusema hakuiomba.

Upepo haukutulia. Ulikuja mmoja wa kweli, mikeka ikainuka pembe, na juu kukalia: tak! Nukta ya kwanza imekatika.

"Ondokeni! Ondokeni, inaanguka!"

Rose alimnyakua mtoto. Mikeka, khanga, viatu, kila mtu na lake. Nukta ya pili ikaachia, nguzo ikampita Mhoja begani ikimchuna ngozi, na spika ikapiga chini kwenye mkeka mtupu.

Kisha vigelegele! Watu wakamzunguka, Bagenda akamkumbatia huku akilia. "Mungu ametuletea mtu huyu! Upepo gani huu, hadi chuma kimeshindwa!"

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, ameandaliwa kabisa. Kuitikia kwa kichwa tu, basi, angerudi Buzuruga shujaa. Mhoja akaogopa kuliko alivyoogopa asubuhi yote.

"Si upepo," alisema. "Ni mimi. Ule mkono niliushikiza tu, sikuuchomelea. Uliondoka mimi sipo."

"Ulijua lini?" Bagenda aliuliza, mikono bado mabegani pake.

"Kabla sijafika hapa."

Vigelegele vilikatika. Rose alisogea mbele, mtoto kifuani, macho kwenye mkeka ulipopasuka.

"Ulipofika, mwanangu alikuwa amelala hapo."

"Ndiyo."

"Ulimwona?"

Damu ilikuwa ikimtiririka Mhoja begani, hakuifuta.

"Nilimwona," akasema.

Rose alimfunika mtoto vizuri kwa khanga, akavuka uwanja akaenda kukaa upande wa pili, juani.