Mukeke wa Mbalamwezi

Juzi jirani yangu alibanika mukeke, nami nikaacha wali wangu ukaungua. Nyinyi mnaomjua samaki huyo mtanielewa. Mafuta yake yanadondoka kwenye makaa, moshi unapanda mzito na mtamu, na mtu akimpaka mawese yenye pilipili, basi mtaa mzima unajua leo neema iko nyumba gani. Kwa wengine harufu hiyo ni chakula. Kwangu mimi ni siku ya kuzaliwa. Nilisimama mlangoni na upawa mkononi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikajiona tena nina miaka saba na ninamsubiri baba yangu.

Kadi yangu ya karangamuntu, yaani kitambulisho, inasema nilizaliwa tarehe mosi Januari. Msiiamini. Hapa Rumonge tuliozaliwa siku hiyo ni wengi mno, ungedhani mama zetu walikaa kikao. Usipoijua tarehe yako, karani anakuandikia hiyo na kumwita anayefuata. Mwaka huu watoto wangu, mmoja yuko Bujumbura na mwingine Kigoma, walinipigia simu asubuhi kunipongeza kwa kutimiza hamsini. Nikawashukuru, nikawaombea dua, simu ikakatika, na nyumba ikarudia ukimya wake. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasema, haya, hongera kwa kadi. Siku yangu mimi ni nyingine, na ina hadithi yake.

Nililelewa na Shangazi Mwamini, dada yake baba. Mama yangu sikumjua. Niliambiwa tu kwamba alifariki nikiwa mchanga. Shangazi alikuwa mkamuaji wa mawese. Alichemsha chikichi kwenye pipa nyuma ya nyumba, akazitwanga, akazikamua, na jioni mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwiko. Hakuwa na mtoto wala mazungumzo. Ukimuuliza jambo mara ya kwanza, alijibu; ukilirudia, alikutazama tu, na mtazamo ule ulitosha. Alinipenda, hilo najua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba nyumba yetu ilikuwa na sauti ya moto na sauti ya mchi, na kwamba siku zilikuwa ndefu sana kwa mtoto aliye peke yake.

Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, lakini hakuvua Rumonge. Alivua kule Muhuta, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, na hakuna aliyenieleza kwa nini mtu aache pwani iliyo mlangoni kwake akavue ya wenzake. Nadhani mnajua kazi ya ndagala ilivyo. Inataka giza. Wavuvi wanawasha karabai juu ya mitumbwi, ndagala wanaifuata taa, wavu unapandishwa. Lakini mwezi ukishakuwa mkubwa, ziwa lote linakuwa taa, na ndagala hawana haja na ya kwako. Siku hizo za mbalamwezi mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wanaume wanakumbuka kwamba wana nyumba.

Basi kila mwezi ulipokuwa mkubwa, baba alikuja. Nilimsikia kabla sijamwona, maana mnyororo wa baiskeli yake ulilia kama kifaranga. Nyuma alikuwa amefunga mukeke mmoja, aliyetiwa chumvi na kuviringwa ndani ya jani la mgomba. Mwezi mzima mimi na Shangazi tulikula ndagala na ugali wa muhogo, lakini mukeke yule alikuwa wangu, mzima, kuanzia kichwa hadi mkia. Baba alimbanika mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya makaa akimgeuza kwa vidole bila kuogopa moto, akaniwekea sahani, na kila mara alisema maneno yaleyale: "Kula, mama. Ulizaliwa mwezi ukiwa mkubwa hivi. Nilikuwa hapahapa, nikakupokea kwa mikono yangu miwili."

Shangazi aliposikia hayo alikuwa na kazi ya haraka nyuma ya nyumba.

Nikishamaliza kula, baba alinishika mkono tukachora mstari wa makaa ukutani, nyuma ya mlango wa jiko. "Umekua," alisema. Kwa hiyo nani angenilaumu? Siku ya kuzaliwa tuliyoijua sisi mtaani ilikuwa ya Mtume, ya Maulidi. Ya watu wa kawaida sikuwahi kuisikia, isipokuwa yangu, na yangu ilikuja kila mwezi. Tulianza kuchora nikiwa na miaka mitatu na kitu, na kila mstari niliuhesabu kuwa mwaka. Niliwaonea huruma watoto wengine, masikini, waliokua polepole hivyo.

Nilipoanza shule, Madamu wetu, mwanamke mpole kutoka Gitega, alipita darasani akituuliza umri mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikasimama vizuri.

"Zaina, weye uko na miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili, Madamu."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Madamu mwenyewe alifunika mdomo. "Basi kuja ufundishe weye, mimi nikae ku benchi," akasema, na akamwita diregiteri, mkuu wa shule, naye akaja kunitazama jinsi watu wanavyomtazama kiboko aliyepanda mchangani. Siku hiyo ndipo nilipoelezwa, mbele ya watu, kwamba mtu anazaliwa siku moja, na siku hiyo inarudi mara moja tu kwa mwaka, na wenye uwezo wanakata gato, ile keki ya sherehe. Mtoto wa mfanyabiashara mmoja akathibitisha. Yeye gato alishakata.

Jamani, nililia njia nzima. Kuchekwa kuliniuma, lakini kilichonitisha zaidi ni hesabu. Kama siku yangu ni moja tu kwa mwaka, basi safari nyingine zote baba anakuja kwa nini? Na akijua kwamba nimejua, ataendelea kuja? Nikaamua nisimwambie. Nikaamua hivyo kila siku hadi mwezi ukawa mkubwa, mnyororo ukalia njiani, na baba hajashuka kwenye baiskeli mimi nimeshasema yote.

"Baba, Madamu anasema siku ya kuzaliwa iko moja tu mu mwaka."

Baba aliegemeza baiskeli ukutani taratibu. "Madamu wako ni wa wapi?"

"Gitega."

"Ndiyo maana. Watu wa ku milima wanahesabu jua. Siye wa ku ziwa tunahesabu mwezi."

Nilitaka sana kuamini, lakini shule ilikuwa imekwisha kuniharibu. "Na wa kweli ni upi? Kati ya miezi yote, nilizaliwa mwezi gani?"

Aliinamia mzigo wake nyuma ya baiskeli. Kule nyuma mchi wa Shangazi ulikoma. Kisha baba akafungua jani la mgomba, akamtoa mukeke, akasema, "Sikumbuki, mwanangu. Na kwa sababu sikumbuki, tunaifanya yote. Hivyo hatuwezi kukosea." Akacheka, nami nikacheka, nikala mukeke wangu, tukachora mstari. Nilipata nilichotaka: baba angekuja kila mwezi. Mengine hayakunihusu.

Halafu ikaja masika ile. Mvua ilinyesha hadi vilima vikateleza, na mwezi ulikua nyuma ya mawingu tukauona kwa kubahatisha. Nilikaa kwenye jiwe njia panda, mahali ambapo barabara ya kutoka Minago, ile aliyoijia baba, inaingia mtaani. Zilipita baiskeli zenye mafungu ya muhogo, zilipita pikipiki, mnyororo wa baba haukulia. Kesho yake tena. Shangazi alinifuata na kipande cha nailoni cha kujifunika, akanifunika. Nyumbani alinipikia yai, na yai kwetu lilikuwa jambo kubwa, lakini sikulimaliza. Sijui kama mmewahi kuwa wapweke mkiwa na miaka saba. Mtoto hajui upweke unaitwaje. Nilidhani naumwa tumbo.

Mwezi ulipokuwa umeanza kuliwa upande mmoja, nilimkuta baba amesimama uani. Alikuja kwa miguu. Udongo ulikuwa umeporomoka ukafunga njia, baiskeli ameiacha kwa mtu, mukeke ameoza ametupwa. Tope lilimfika magotini, na mkononi alishika kifuko cha ndagala wakavu. Alipiga magoti mbele yangu, palepale kwenye maji, akasema, "Nimechelewa tena, mwanangu. Nisamehe. Nimechelewa tena."

Tena? Hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Nilisimama pale namtazama, nusu nimefurahi na nusu nimenuna, nikamwambia kama mtu mzima, "Hakuna neno, Baba. Mwezi mwingine unakuja." Ndipo akalia. Mwanaume yule wa kugeuza samaki kwa vidole alilia mpaka mabega yakatikisika, na Shangazi akatoka na mikono yake myekundu, akamwinua, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye moto. Nilikula ndagala wale. Tulichora mstari siku hiyohiyo, ingawa mwezi ulikuwa mbovu. Lakini neno lile, tena, lilibaki limenikwama kama mwiba wa samaki, na niliishi nalo miaka mingi bila kulimeza wala kulitema.

Baba hakuchelewa mwezi mwingine wowote. Nilipoolewa aliendelea kuja na mukeke wake, mume wangu akitania kwamba ameoa mwanamke wa miaka mia tatu. Alipozeeka asiweze baiskeli, akarudi kukaa kwa Shangazi, na mbalamwezi ilipofika aliagiza mukeke sokoni akambanika mwenyewe. Alifariki kitandani kwake, amezungukwa na watu. Alhamdulillahi.

Tulipomaliza arobaini yake, wageni wakaondoka, nikabaki na Shangazi tukiosha masufuria. Nikamuuliza, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumuuliza, "Shangazi, kwa nini siku ile ya masika Baba alisema amechelewa tena?"

Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu. Nilijua nikirudia swali atanitazama tu, nikangoja.

"Weye hukuzaliwa mu mbalamwezi," akasema. "Ulizaliwa mu giza. Giza kabisa, wavuvi wote wako ku ziwa, na baba yako pamoja nao. Mama yako uchungu ulimshika mapema, siku hazijafika. Alikuwa anavuja damu. Tulitaka wanaume wa kumbeba mpaka ku hospitali, wanaume hawakuwako. Nikakimbia ku pwani. Taa ya baba yako niliiona, Zaina. Ilikuwa karibu, naijua mpaka leo. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Taa inaonekana, sauti haifiki. Alfajiri anashuka na ndagala zake, weye nimekufunika ku kanga, mama yako ameshafunikwa shuka."

Nilikaa chini.

"Hakuvua tena hapa," akaendelea. "Alienda Muhuta ili asiione ile pwani. Na weye alitaka uzaliwe siku yeye yuko nyumbani. Mimi ningemkatalia aje?"

Na ni mwezi gani, nikamuuliza. Shangazi akatafuta, akatafuta, akatikisa kichwa. Mwaka ule alikuwa ameuzika pamoja na wifi yake, akasema, na hakutaka kuufukua. Naye amekwisha kufa sasa, Mungu awarehemu wote, na hakuna tena mtu duniani aliyekuwapo siku yangu.

Nimezunguka sana na jambo hili kichwani, wenzangu, hasa tangu nibaki peke yangu. Kwanza nilimkasirikia baba kwa kunidanganya. Hasira ile haikukaa. Nikimfikiria mtu anayeendesha baiskeli siku nzima, mwezi baada ya mwezi, ili awepo mahali ambapo mara moja hakuwepo, namwonea huruma, na namshukuru, na natamani ningemwambia kwenye lile tope neno jingine badala ya lile nililosema. Lakini nilikuwa na miaka saba. Au arobaini na kitu, kwa hesabu yetu.

Siku hizi siku yangu naifanya gizani. Mwezi ukishakufa, nanunua mukeke, nambanika mwenyewe, nachukua sahani yangu na kushuka pwani magharibi inapoingia, wakati wavuvi wanasukuma mitumbwi na kuwasha taa. Nilizaliwa katika giza lipi hasa sijui, kwa hiyo nayafanya yote. Hivyo siwezi kukosea. Nakaa mchangani, nakula samaki mzima bila kumgawia mtu, nikizitazama taa zikisogea mbali. Nachagua moja iliyo karibu. Kisha nasema kwa sauti ya kawaida tu, maana hata nikipiga kelele haitafika, "Baba, nipo. Vua tu. Hukuchelewa."