Ubeti wa Mwoga wa Ng'ombe

Mjomba wangu alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na kwa sababu hiyo tu wenzangu wa darasa la mwisho waliamua kwamba na mimi najua kutunga. Hawakuniuliza. Siku zile kwetu Usukumani mtoto wa ukoo wa ningi aliaminika kuwa amezaliwa na masimango mdomoni, na nikikataa wangesema naringa.

Basi nieleze kidogo, maana asiyejua ngoma zetu atadhani nilikuwa mtukanaji. Kila mwaka baada ya mavuno makundi mawili, Bagika na Bagalu, yalikutana uwanjani kushindana, na kila ningi alimchamba mwenzake kwa nyimbo mpaka watazamaji wahamie upande wake. Mjomba alimwimba mpinzani wake miguu, ng'ombe wake waliokonda, hata namna alivyokuwa akikohoa. Mpinzani alirudi kwake anacheka huku ameuma meno, na mwaka uliofuata alikuja na majibu. Kuimbwa vibaya ilikuwa ni kuhesabiwa kuwa mtu. Asiyeimbwa ni yule ambaye hakuna aliyejali kama amekuja au hakuja. Hilo nililijua tangu nikiwa nafungwa mgongoni, na ndiyo maana hadi leo sijapata kisingizio.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wavulana watupu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na Darasa la Kumi ndilo lililokuwa la mwisho. Siku ya kuagana tulikuwa na desturi yetu tuliyoitoa ngomani: mmoja wa wanaoondoka aliwaimba wenzake wote mbele ya wazazi, ubeti mmoja kwa kila mtu, na sisi wengine tukaitikia. Ubeti ukimfikia mtoto wako, unainuka, unaingia uwanjani ukicheza, unamfunga mwanao nguo begani. Mwalimu mkuu alitamani tuimbe kitu chenye heshima zaidi, lakini alivumilia.

Darasa lenyewe lilijiimba. Tulikuwa na mtoto wa mnangwa, yule mkuu wa eneo aliyekuwa chini ya mtemi. Huyu alikuwa akiinyoosha kaptula yake ya sare, anaitandaza chini ya godoro, kisha anailalia chali usiku kucha bila kujigeuza, ili asubuhi iwe na mstari. Akishaivaa haketi. Tukipelekwa kwenye shamba la pamba anasimama mwanzoni mwa tuta na kutuonyesha kwa kidole magugu tuliyoyaruka. Nilimwimba hivi:

Mtoto wa mnangwa kalala kama maiti,
anaogopa kuikunja kaptula;
jembe amelipa likizo,
kinacholima ni kidole.

Mwingine alikuwa mpiga kengele. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, na yeye alikuwa na mapenzi nacho ambayo hakuwa nayo kwa mwanadamu yeyote. Alitangulia majogoo. Jumapili, ambapo hatukuwa na kengele, alionekana akizunguka-zunguka pale mtini, mikono nyuma, kama anayemtembelea mgonjwa. Nikamtungia ubeti wa harusi yake, kwamba bibi harusi ataamshwa kwa kengele, atapika kwa kengele, na akitaka kununa asubiri kengele ya mapumziko.

Na kulikuwa na mtoto wa mtaa wa Ngokolo, Mwislamu, ambaye baba yake alikuwa akishona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale mjini. Huyu alizaliwa mchuuzi. Alibadilisha sabuni kwa sukari guru, sukari guru kwa zamu ya kufagia, zamu ya kufagia kwa kitanda cha karibu na dirisha. Mwezi wa Ramadhani mlo wake wa mchana aliugawa kwetu kwa masharti, jioni akafuturu kama sultani huku sisi tukimbebea maji. Niliimba kwamba ipo siku atajiweka mwenyewe sokoni, na atajikataa kwa kuwa bei ni mbaya.

Nacheka ninapoandika haya, na aibu inanipata hapo hapo, maana hao niliwapa haki yao. Aliyebaki ni rafiki yangu.

Yeye alitoka Geita, kwenye nyumba za wafanyakazi wa machimbo ya dhahabu. Baba yake alikuwa Mzinza aliyefanya kazi chini ya ardhi. Rafiki yangu alikuja shuleni anajua habari za miamba na baruti kuliko mwalimu wetu wa jiografia, lakini ng'ombe alikuwa hajawahi kusogeleana naye. Na shule yetu ililima kwa maksai. Asubuhi ya kwanza alikabidhiwa kamba ya maksai mkubwa mwekundu. Mnyama akageuza kichwa, akampumulia usoni. Rafiki yangu akasimama wima, akamwambia kwa sauti kamili, "Shikamoo."

Mwalimu wa kilimo alilazimika kukaa chini. Tangu siku hiyo hakuna maksai aliyepita shuleni kwetu bila kuamkiwa. Rafiki yangu tulimwamsha kwa shikamoo, tulimlaza kwa shikamoo. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa yeye. Tukimwandama sana anavimbisha shingo na kutuitikia "Marahaba" kwa sauti nzito ya ng'ombe, halafu anakuchokonoa na wewe pale panapokuuma. Mimi aliniita Msema Kesho, kwa sababu nilikuwa nikiahidi kila kitu. Hakuna uongo wangu mdogo uliompita bila kuutangaza bwenini. Nilimpenda sana.

Mwaka wetu wa mwisho ulipoanza ikaja habari kwamba jiwe limemwangukia baba yake chini kule machimboni. Akaenda kwao. Aliporudi baada ya matanga alikuwa amenyolewa kichwa, na sisi tukabadilika wote kwa pamoja bila kuambiana. Akiingia bwenini vicheko vinakatika. Nyama ikigawanywa, pande kubwa lake. Zamu yake ya maksai ilipofika mtu mwingine aliichukua kimya kimya. Tulidhani ndiyo heshima, na labda kwa juma moja ilikuwa heshima kweli. Lakini sisi tuliiendeleza mpaka mwisho wa mwaka.

Siku moja tulikuwa tukitoka shambani, yeye akapita karibu na yule maksai mwekundu. Akasimama. Akamwambia, "Shikamoo, mzee," kwa nguvu, kisha akageuka kututazama. Alikuwa anatufungulia mlango, nami nilikuwa nimesimama mbele kabisa. Hakuna aliyecheka. Mpiga kengele akamshika bega na kumwambia, "Pole, ndugu yangu." Nikasema na mimi, pole. Akainamisha kichwa, tukaendelea na safari.

Ubeti wake niliutunga wa kwanza kabisa, kabla ya wa kaptula, na ulikuwa mzuri kuliko mingine yote:

Baba nimemwamkia, mama nimemwamkia,
na wewe mwenye pembe, shikamoo mzee;
niitikie nipite zangu,
maksai wa Shinyanga hamna adabu?

Mkesha wa siku ya kuagana, alasiri, tulikuwa tukifua nguo lamboni. Akaniuliza bila kunitazama, "Mimi umeniweka wapi?"

"Subiri utasikia," nikamjibu.

"Mama anakuja. Usiniweke mwisho sana, hawezi kukaa juani muda mrefu."

Hapo ndipo woga uliponiingia. Nilimwona kichwani mwangu mama wa watu, mjane, amevaa kaniki, anasikia neno "baba" na neno "mzee" katika wimbo wa mzaha na watu wanaangua kicheko. Nikajiambia haiwezekani. Nikaufuta ubeti. Ningeweza kubadilisha neno moja. Ningeweza kumuuliza mwenyewe, tulikuwa tumepiga magoti kwenye jiwe moja, tunatumia kipande kimoja cha sabuni. Sikumuuliza. Jioni nilipowaeleza wenzangu, mtoto wa mnangwa alisema nimefanya jambo la kiutu uzima, na mimi nikavimba kichwa. Nililala nikijiona nina busara.

Mama yake alifika. Alikuwa amevuka maji kwa kivuko, akapanda treni Mwanza, na kikapu cha furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, ambao kwa harufu tu bweni zima lilijua wamefika kabla hajaketi. Alikuwa mwembamba, na kweli amevaa kaniki. Lakini mapajani aliweka kanga mpya, bado na mikunjo ya dukani. Aliketi mbele kabisa kati ya akina mama wa Shinyanga asiowajua, akawaamkia mmoja mmoja.

Nikaanza kuimba. Ubeti wa kaptula ulipoingia, mnangwa mwenyewe aliinuka na kidole kimenyooka mbele, bila kujua kwamba anatusaidia, na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Fundi wa Ngokolo alimfunga mwanawe shati lenye mkono mmoja, akasema mkono wa pili mpaka wapatane. Mama wa rafiki yangu alicheka hadi akajifunika mdomo. Na kila ubeti ulipoisha alivuta miguu, akaikusanya nguo yake, tayari kuinuka.

Rafiki yangu alikuwa mstarini pamoja na wengine. Alikuwa ameuandaa uso wake kuchekwa. Mdomo ameubana, macho ameyainua kidogo, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji na anajua ni mchezo. Niliuona ule uso. Nikaimba ubeti wa wenzake wawili waliobaki, nikaimba wa kwangu mwenyewe, nikafunga wimbo. Ngoma ikanyamaza, watu wakapiga makofi. Yeye aliendelea kusimama na ule uso kwa muda kidogo, halafu akauondoa. Mama yake alidhani tumepumzika tu. Aliendelea kungoja, kanga mkononi, mpaka wanawake wa pembeni yake walipoanza kuinuka.

Wakati wa chakula alinifuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyeimba?"

"Ndiyo, mama."

"Umeimba vizuri. Yule wa kaptula amenichekesha." Akaikunja upya ile kanga. "Mwanangu aliwakosea nini?"

"Hajatukosea, mama. Ni rafiki yangu."

"Maana mimi nilikuja kusikia habari za ng'ombe. Kila likizo ilikuwa ni ng'ombe tu, ng'ombe na shikamoo. Baba yake alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anasema, siku ya kuagana mimi na wewe tutakwenda wote tukamsikie. Nikasema nitakwenda hata peke yangu."

"Mama, tuliogopa. Kwa ajili ya msiba. Tulitaka kumheshimu."

Alinitazama kwa upole, na afadhali angenifokea. "Msiba ninao nyumbani," alisema. "Nilijua huku hana. Kumbe na nyinyi mlikuwa mmemwekea."

Alikwenda kuwagawia furu wale akina mama.

Asubuhi nilikimbia mpaka stesheni, nikawakuta wameshapanda behewa la daraja la tatu. Wenzangu kadhaa walikuwa wamenifuata bila kujua nataka nini. Nikasimama chini ya dirisha, nikauimba ule ubeti kwa sauti yote niliyojaliwa, na wao wakaitikia. Abiria wakacheka. Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga akatua ungo wake na kupiga kigelegele. Mama yake aliinuka kwenye ule ufinyu wa mabegi na kuku, akacheza kidogo kwa mabega, akamfunga mwanawe kanga begani. Alicheza vizuri. Lakini nilijua anacheza ili nisiaibike mbele za watu.

Wenzangu walipokwenda kununua karanga, rafiki yangu aliinamia dirishani.

"Mama ndiye aliyekuambia uniimbie?"

"Hapana," nikasema. "Wako nilikuwa nimeuhifadhi makusudi. Nilitaka nikuimbie hapa, uondoke nao."

Aliyejua uongo wangu wote alinitazama. Nilingoja avimbishe shingo, aniite Msema Kesho, awatangazie behewa zima kwamba mwenzenu huyu hapa anadanganya mchana kweupe. Nilitamani afanye hivyo. Ningecheka, naye angecheka.

"Ahsante sana, ndugu yangu," alisema, akanipa mkono kwa adabu. "Umefanya vizuri."

Treni ikaanza kuondoka, naye akaendelea kunipungia mkono kwa heshima mpaka nikaacha kumwona.