Nafasi ya Thelathini na Moja

"Mwalimu, kwani Mihayo ameshindwa nini?"

Nilimuuliza hivyo Mwalimu Nyamizi nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa kituo cha kulelea watoto hapa mtaani kwetu, Bariadi, na ripoti ya mdogo wangu mkononi. Mihayo alikuwa na miaka minne. Ripoti ilinakshiwa dhahabu pembeni kama kadi ya harusi, na katikati imeandikwa: nafasi ya 31 kati ya 32. Nilitaka kujua tu. Mtoto wa miaka minne anakuwa wa thelathini na moja katika nini? Katika kunywa uji? Katika kulala mchana?

Mwalimu Nyamizi aliitazama ripoti aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Nenda nyumbani, mvua inakuja."

Hapakuwa na wingu hata moja.

Nyamizi Luhende ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Nkoma. Alikuja mjini na cheti cha ualimu wa awali, akapewa watoto thelathini na wawili peke yake: awafundishe, awalishe, awafute makamasi, awabadilishe suruali. Juu ya hayo akajiandikisha kusomea shahada ya makuzi na malezi ya watoto, kwa njia ya masafa, huku akiendelea na kazi. Mtaa ukacheka. Mzee Machibya, fundi baiskeli, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Digrii ya kulea? Mke wangu kalea tisa, mbona hajaitwa profesa?"

"Na kati ya hao tisa, wangapi wanakusalimia, baba?" Mwalimu akamjibu, akapita zake na daftari kwapani.

Siku ile nilimpenda kweli. Nikadhani huyu haogopi mtu.

Kumbe alimwogopa Madam Gloria, mwenye kituo. Madam hajasomea watoto. Alikuwa akiuza vitenge, na watoto anawapanga vilevile: wanaong'aa mbele, waliofifia nyuma. Sasa chuo kilitaka fomu ya mafunzo kwa vitendo yenye sahihi ya mkuu wa kituo. Bila sahihi hiyo, miaka mitatu ya kusoma ingekwenda na maji.

Mwalimu Nyamizi alipeleka fomu pamoja na ripoti za muhula. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake: anapenda nini, anaogopa nini, anacheza na nani. Mama Shija, mpishi wa uji, alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Nafasi ziko wapi?" Madam akauliza.

"Madam, umri huu hawapangwi nafasi. Chuoni tumefundishwa kwamba..."

"Huyo aliyekufundisha analipa pango hapa? Mzazi anataka namba, mwanangu. Asipoona namba anahamisha mtoto. Lete nafasi nisaini. Huna nafasi, kasainiwe na huyo mwalimu wako."

Nafasi zikapelekwa Ijumaa. Jumatatu fomu ikasainiwa.

Na hizo nafasi zenyewe! Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Madam, ambaye bado alikuwa anavaa nepi. Wa pili, mtoto wa mwenye duka la dawa. Wa thelathini na mbili alikuwa amehamia Lamadi na wazazi wake tangu wiki ya pili ya muhula. Kwa hiyo mdogo wangu alishindwa na kila mtoto aliyekuwepo.

Mama alikuwa Maswa akimuuguza bibi. Baba akasoma namba, hakusoma kingine, akakata fimbo. Mtaa nao ukampa Mihayo jina. Leo yuko darasa la nne, na akikosa goli bado wanapiga kelele, "Thelathini na Moja huyo!" Darasani hanyooshi kidole hata swali analolijua. Watu wazima wanasema kazaliwa hivyo.

Mwalimu Nyamizi alihitimu. Picha ya joho imetundikwa sebuleni kwake, kubwa kuliko dirisha. Mzee Machibya, yule yule, sasa anamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, profesa!" Anaalikwa huku na huku kuwaeleza wazazi kwa nini watoto wadogo wasipangwe nafasi. Mwezi uliopita alizungumza ukumbi wa kanisa, nami nikaenda na sare yangu ya kidato cha tatu. Alieleza vizuri mno. Madam Gloria alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi mpaka bangili zikalia.

Watu walipotoka nikamfuata pale alipokuwa akikunja waya wa spika. Nikamuuliza tena, maneno yale yale. Aliendelea kukunja mpaka waya ukaisha.

"Hakushindwa kitu," alisema. "Sikumpima. Nilihitaji mtoto wa kubeba namba ile, na wazazi wa wengine wangekuja kugomba, Madam asingesaini. Mama yako alikuwa Maswa. Baba yako nilijua hawezi kumuuliza mwalimu. Aliyekuja kuuliza ni wewe tu, na wewe ulikuwa mtoto."